Maisha ya Edsger Dijkstra

Yeyote aliyesimama katika stesheni ya Makambako ameiona reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Njia ni moja tu, nayo ni ya treni ziendazo Dar es Salaam na zitokazo huko. Treni mbili zikiingia kipande kimoja kwa wakati mmoja, ni msiba. Kwa hiyo moja hungoja penye njia ya kupishana mpaka iruhusiwe. Bwana tunayemweleza hapa aliichukua desturi hiyo ya reli akaitia ndani ya kompyuta.

Edsger Wybe Dijkstra alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, tarehe 11 Mei, 1930. Baba yake alikuwa mwanakemia, mama yake mjuzi wa hesabu. Alipokuwa kijana alitaka kusoma sheria, apate kuiwakilisha nchi yake katika Umoja wa Mataifa, lakini mwisho akaenda Leiden kusoma fizikia. Mwaka 1951 alihudhuria mafunzo ya kuandika programu huko Cambridge, Uingereza, na mwaka uliofuata akapata kazi Amsterdam. Kazi hiyo ilikuwa ngeni mno. Alipooa mwaka 1957 akajitaja kuwa mwandishi wa programu, wenye ofisi walikataa, kwani hawakuijua kazi hiyo. Ikabidi aandikwe mwanafizikia!

Siku zile wenzake walikuwa wakiunda mashine iitwayo X1, nayo ingeweza kukatizwa katikati ya kazi moja ili ishike nyingine. Dijkstra aliogopa kweli kweli, hata akawachelewesha wenzake miezi kadhaa. Wasomaji wasimcheke. Tuseme daftari la ghala la shule laonyesha magunia 40 ya mahindi. Kiranja mmoja asoma 40, naye amepokea magunia 5. Kabla hajaandika, mwenzake asoma 40 ile ile, naye ametoa 3. Wa kwanza aandika 45. Wa pili aifuta, aandika 37. Kweli ni 42, basi magunia 5 yamepotea daftarini wala hakuna mwizi. Kesho viranja hao wakifika mmoja baada ya mwingine, hesabu itakuwa sawa, na mkaguzi hataona neno. Kosa la namna hii haliji likiitwa, na hilo ndilo lililomnyima Dijkstra raha.

Mwisho alikubali, akaiandika programu ile kwa uangalifu mkubwa, na mwaka 1959 akapata shahada ya udaktari kwa kazi hiyo. Mwaka 1962 akawa profesa Eindhoven. Huko, pamoja na wasaidizi wachache, alitengeneza mpango uitwao THE, ambamo kazi nyingi zilikwenda pamoja katika mashine moja. Dawa yake aliiita semafori, jina la ishara ya reli. Ni namba tu. Kazi itakayo kuingia huipunguza kwa moja. Ikiikuta sifuri, hulala. Itokayo huiongeza, na kama yuko aliyelala, mmoja huamshwa. Sharti ni kwamba kule kupunguza na kuongeza kwenyewe kusikatizwe kamwe, la sivyo tumerudi kwa viranja wetu.

Kwa njia hiyo hiyo alipanga ujumbe. Semafori moja huhesabu barua zilizomo sandukuni, nyingine nafasi zilizobaki. Msomaji hawezi kuchukua barua ambayo haijatiwa, wala mwandishi hawezi kutia sanduku likiisha kujaa.

Lakini kungojana nako kuna hatari yake. Mwaka 1965 aliwapa wanafunzi wake swali la mtihani, ambalo baadaye lilisimuliwa hivi: wanafalsafa watano wamekaa mezani, uma ni tano, na kila mmoja ahitaji mbili ili ale. Wote wakishika ya kushoto kwa pamoja na kuingoja ya kulia, watakufa njaa chakula kikiwa mbele yao.

Mwaka 1972 alipewa Tuzo ya Turing, na mwaka 1984 akahamia Austin, Marekani, kufundisha. Alikuwa mkali wa maneno, na si wote waliompenda. La ajabu ni kwamba mtu huyu wa kompyuta aliandika karatasi zaidi ya 1,300, nyingi kwa kalamu ya wino, kila moja na namba yake, zikanakiliwa na kupelekwa kwa rafiki. Alifariki Nuenen, Uholanzi, tarehe 6 Agosti, 2002, na karatasi zake zimewekwa Austin.