DJANGO REINHARDT, MPIGA GITA ALIYEJIFUNZA MARA MBILI

Vijana wengi wanaoanza kujifunza gita huliacha katika mwezi wa kwanza. Ncha za vidole zinauma, nyuzi hazilii vizuri, na mwalimu hayupo. Kwa ajili yao, na kwa wenzetu ambao vita iliwaharibia mikono, tumeona tuandike katika toleo hili la kumbukumbu habari za marehemu Django Reinhardt.

Alizaliwa tarehe 23 Januari 1910 huko Liberchies, nchini Ubelgiji, ndani ya gari la kukokotwa na farasi ambalo ndilo lilikuwa nyumba ya wazazi wake. Watu wake ni Wamanouche, tawi la Waroma, ambao walihamahama Ulaya kwa karne nyingi na karibu kila nchi iliwatazama kwa jicho baya. Alikulia katika makambi yao pembezoni mwa Paris. Shule hakusoma. Alipofika umri wa miaka 12 hivi alipewa banjo yenye nyuzi sita, ambayo sauti zake hupangwa kama za gita. Hakuwa na kitabu. Alikaa karibu na wakubwa, akatazama vidole vyao vinabana wapi, kisha akaenda kuigiza peke yake. Haukupita muda mrefu akawa anapiga katika kumbi za dansi za Paris akiwasindikiza wapiga kodiani. Mwaka 1928 alirekodi santuri zake za kwanza, na kwa kuwa hakujua kuandika jina lake, kwenye santuri lilichapwa Jiango Renard.

Usiku wa tarehe 2 Novemba mwaka huo huo alirudi nyumbani kutoka kazini. Mke wake alikuwa akitengeneza maua ya seluloidi kwa ajili ya kuuza, na gari lilikuwa limejaa maua hayo. Seluloidi hushika moto upesi kuliko nyasi kavu. Mshumaa ulianguka, na mara moja gari zima likawaka. Wote wawili waliokoka, lakini Django aliungua vibaya mguu wa kulia na mkono wa kushoto. Madaktari walitaka kumkata mguu, akakataa. Alikuwa na umri wa miaka 18.

Hapa ndipo penye jambo kubwa la maisha yake. Mdogo wake, Joseph, alimletea gita kitandani. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho, vilikuwa vimekunjamana na havikunyooka tena. Wazee wetu waliotoka Katanga watamkumbuka Mwenda Jean Bosco, ambaye alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu. Lakini huo ulikuwa mkono wa kulia, wa kukwanyua nyuzi. Django alipungukiwa katika mkono wa kubana, ambao ndio unaomtesa kila mwanafunzi. Basi yote aliyoyajua hayakumfaa tena. Ilimbidi atafute njia mpya kwa kila wimbo: kidole cha shahada na cha kati vikimbie juu na chini ya shingo ya gita badala ya kukatiza nyuzi, na vile vilivyokunjamana avitumie kubana nyuzi nyembamba anapopiga sauti kadhaa kwa pamoja. Kazi hiyo ilichukua kama mwaka mmoja na nusu.

Mwaka 1934 yeye na mpiga fidla Stéphane Grappelli waliunda kundi la watu watano la Hot Club de France: magita matatu, fidla na besi, bila ngoma. Vita vilipoanza mwaka 1939 walikuwa London. Grappelli alibaki, Django akarudi Paris. Wakati huo Wanazi walikuwa wakiwaua Waroma kwa maelfu. Mwaka 1943 alijaribu kukimbilia Uswisi. Wajerumani walimkamata, na ofisa wao akamwachia kwa kuwa aliupenda muziki wake. Alijaribu mara ya pili; safari hii askari wa mpakani wa Uswisi ndio waliomrudisha. Sisi tuliovuka mpaka tunajua maana ya kurudishwa, na hatuna haja ya kueleza zaidi. Alirudi Paris, akaendelea kupiga hadi vita vikaisha.

Mwaka 1946 alizunguka Marekani pamoja na bendi ya Duke Ellington. Mwaka 1951 alihamia kijiji cha Samois-sur-Seine, ambako mara nyingi alipendelea kuvua samaki kuliko kwenda kazini. Alifariki tarehe 16 Mei 1953, akiwa na umri wa miaka 43, baada ya mshipa kupasuka kichwani. Mwanawe Babik, aliyekuwa na miaka 8, baadaye naye akawa mpiga gita.