Vannevar Bush, enjinia aliyeongoza sayansi ya vita ya Marekani

Vannevar Bush alizaliwa tarehe 11 Machi 1890 katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Alikuwa enjinia na profesa wa chuo kikuu, hakuwa mwanajeshi. Hata hivyo, mwezi Juni 1941, Raisi Franklin Roosevelt alimkabidhi ofisi mpya ya kusimamia utafiti wote wa kisayansi kwa ajili ya vita.

Bush alitia saini mikataba na vyuo vikuu na makampuni. Kwa njia hiyo rada iliboreshwa, na penisilini ikatengenezwa kwa wingi ili kutibu majeruhi.

Utafiti wa bomu la atomiki nao ulipitia mikononi mwake, kabla ya kukabidhiwa jeshi. Sehemu kubwa ya uraniumu ilitoka Shinkolobwe, Katanga, wakati Kongo ilikuwa koloni ya Ubelgiji. Agosti 1945, miji ya Hiroshima na Nagasaki, inchini Japani, iliteketezwa.

Mwezi mmoja mbele, Bush alikuwa ameiomba serkali igharamie sayansi hata wakati wa amani.

Alifariki tarehe 28 Juni 1974. Jina lake limebaki vitabuni. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawatajwi sana.