Maisha ya H. G. Wells, Mwenye Vita Vidogo

Wanafunzi wengi wamezisoma hadithi za H. G. Wells juu ya chombo cha kusafiria katika wakati, mtu asiyeonekana, na viumbe wa sayari nyingine walioishambulia Uingereza. Lakini ni wachache wajuao kuwa bwana huyu alitunga pia mchezo wa vita vya sakafuni, na kuwa mchezo huo ni mmoja wa mababu wa ile tunayoicheza mezani katika chama chetu, kwa dadu, karatasi na maneno matupu. Kwa hiyo nimeona inafaa niwaletee habari zake.

Alizaliwa tarehe 21 Septemba, 1866, mjini Bromley, karibu na London. Baba yake alikuwa na duka dogo la vyombo vya udongo lisilo na faida, na riziki nyingine aliipata kwa kucheza kriketi. Mwaka 1874 mtoto alivunjika mguu, akalala kitandani kwa majuma mengi akisoma kila kitabu alicholetewa. Ajali hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa elimu. Miaka mitatu baadaye baba naye alivunjika mguu, kriketi ikaisha, na umaskini ukazidi. Mama akaenda kuwa mtumishi katika nyumba ya wakubwa, na kijana akapelekwa kujifunza kazi katika duka la nguo, asubuhi hata usiku. Aliichukia kazi ile. Akamsihi mama yake mpaka akaachiliwa, na mwaka 1883 akawa mwalimu msaidizi huko Midhurst. Mwaka uliofuata alipata msaada wa masomo, akaenda London kusoma elimu ya viumbe kwa Profesa Huxley. Shahada yake aliipata kwa taabu mwaka 1890. Mwaka 1895 kilitoka kitabu chake The Time Machine, na tangu hapo umaskini ukampa kisogo.

Sasa nije kwenye mchezo. Wells alikuwa na wana wawili, naye alipenda kukaa nao sakafuni kati ya vinyago vyao. Mwaka 1913 alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za vita vya askari wadogo wa madini. Nyumba na vilima vilijengwa kwa vipande vya mbao. Askari wa miguu alikwenda futi 1 kwa zamu, mpanda farasi futi 2. Mzinga ulirusha kijiti kwa nguvu ya springi, na haukuweza kupigwa wala kusogezwa pasipo watu 4 karibu yake. Aliyeangushwa na kijiti amekufa. Hakuwa na dawa wala nafasi ya kujitetea.

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons, ambamo kila mchezaji humwongoza mtu mmoja badala ya jeshi zima. Gygax alimheshimu Wells hata akaandika dibaji ya toleo la Little Wars la mwaka 2004. Katika mchezo huu mpya uganga uliingia. Mimi huchukua nafasi ya mganga, nami naijua thamani ya zindiko. Kwa kanuni za mwaka 2014, adui akinipiga naweza kuikatiza zamu yake, nikajikinga kwa ngao isiyoonekana, na kinga yangu ikaongezeka kwa alama 5. Lakini jibu la namna hiyo ni moja tu. Nikilitumia ovyo, sina jingine mpaka zamu yangu irudi.

Je, Wells alikuwa mpenda vita? La. Mwishoni mwa kitabu chake aliwaonya watu kwamba vita vya kweli ni upumbavu mkubwa, na kwamba afadhali wakubwa wapiganie sakafuni. Hawakusikia. Mwaka 1914 vita vikaanza, vikafika hata kwetu Uganda, kando ya mto Kagera, na wapagazi maelfu wa Afrika Mashariki wakafa kwa njaa na maradhi. Hapakuwa na zindiko la kuwaokoa. Wells alitumaini kuwa vita vile vitakuwa vya mwisho. Mwaka 1939 vikaja vingine. Ndipo katika uzee wake, mwaka 1940, akaandika juu ya haki ambazo kila binadamu apaswa kulindiwa na sheria. Alifariki London tarehe 13 Agosti, 1946. Miaka miwili baadaye Umoja wa Mataifa ulitangaza haki za binadamu.

Basi wenzangu, tucheze, maana mchezo hunoa akili. Lakini tukumbuke kuwa nje ya meza ngao haitokei kwa kutamkwa baada ya pigo kufika. Hutengenezwa mapema, kwa sheria na kwa mapatano, tena na watu wengi pamoja.