Sanson, mukata-vichwa wa Paris

Wengi wetu tulikwisha kuona sinema za zamani za Wafaransa: mfalme anapanda juu ya jukwaa, ngoma zinalia, kisu kinashuka. Kila mutu anaangalia mfalme. Yule mwanaume anayesimama pembeni na kushika kamba, hakuna anayeuliza jina lake. Tumuite basi: Charles-Henri Sanson.

Alizaliwa Paris tarehe 15 Februari 1739. Hii kazi ilikuwa ya jamaa yao tangu 1688, baba anaachia mutoto. Hapa kwetu pia mutoto anaingia mugodini nyuma ya baba yake, lakini yeye anatembea kichwa juu. Kwa wa Sanson ilikuwa haya tupu. Watoto wa wakata-vichwa walioana wao kwa wao, maana watu wengine walikataa. Wanasimulia kama alipokuwa masomoni ku Rouen, muzazi mumoja alitambua baba yake, na wakamufukuza. Hata mukate wake, ati mwenye duka aliugeuza juu chini, ili mununuzi mwingine asiuguse.

Mwaka wa 1754 baba yake akapooza. Kijana alikuwa na miaka 15, akashika kazi. Mwaka wa 1757 akasaidia kumuua Damiens, aliyemuchoma mfalme Louis XV kisu bila kumuua. Wakamufunga kwa farasi wane wamupasue, ilichukua masaa. Ndugu ya baba yake, aliyesimamia kazi ile siku ile, akaiacha kisha. Charles-Henri hakuacha. Sisi tunajiuliza angekwenda wapi: nani angemupa kazi ingine, na lile jina?

Zamani wakubwa walikatwa kwa upanga, masikini wakanyongwa kwa kamba. Mapinduzi yakataka wote wafe namna moja. Hapo Sanson akawaandikia wakubwa, na maneno yake yalikuwa ya fundi kabisa: upanga unapoteza makali mbio, panga ni za bei kali, na mutu anayetetemeka anakatwa vibaya. Munganga Antoine Louis akafikiri mashini. Tobias Schmidt, Mujerumani fundi wa vinanda, akaitengeneza. Wakaijaribu juu ya maiti. Tarehe 25 Aprili 1792 ikakata mwizi mumoja, Pelletier. Watu waliokuja kuangalia wakanungunika: ilikwisha mbio sana, hawakuona kitu!

Mwezi wa 8 wa mwaka ule ule, mutoto wake Gabriel, musaidizi wake, alikuwa anaonyesha watu kichwa kilichokatwa. Akateleza, akaanguka toka juu ya jukwaa, akafa pale pale. Na kazi ikaendelea.

Tarehe 21 Januari 1793 ikafika zamu ya Louis XVI. Kumbe ni kwa jina la mfalme huyu huyu Sanson alipewa barua ya kazi mwaka wa 1778. Kisha magazeti yakaandika kama mfalme alikufa na woga. Siku zile, kumusifu mfalme kungeweza kukupeleka ku mashini ile ile. Sanson akaandikia gazeti moja: hapana, alikufa na moyo nguvu, kama mwanaume. Hakuna sheria iliyomulazimisha kusema vile. Katika maisha yake yote, ni jambo hili tunalolishika zaidi.

Mwezi wa 7 wa mwaka ule, akamukata Charlotte Corday. Mutu mumoja aliyekuwa jukwaani akashika kichwa cha yule binti na kukipiga kofi mbele ya watu. Sanson akamukataa hadharani, na yule mutu akatiwa kifungoni.

Kisha wakapita wengine: Danton, halafu Robespierre, mwenye kutuma wengi pale. Wanahesabu karibu vichwa 3000 vilivyopita mikononi mwake. Mwaka wa 1795 akamuachia mutoto wake Henri kazi. Akafa tarehe 4 Julai 1806, na kaburi lake liko Montmartre.

Mujukuu wake, Henri-Clément, alipenda michezo ya pesa kuliko kazi. Madeni yakamushika. Mwaka wa 1847 akaweka mashini yenyewe rehani kwa mutu aliyemudai. Siku serikali ilipohitaji kukata kichwa, mashini haikuwako. Serikali ikalipa deni, ikachukua mashini yake, na ikamufukuza kazi. Wa Sanson wakaishia pale.