Joseph Whitworth: Mtu aliye nyuma ya spana inayowasumbua mafundi wa Land Rover za zamani

Uko chini ya Land Rover ya zamani, zile za kwanza kwanza, unataka kufungua nati kwenye breki. Spana namba 13 haiingii. Namba 14 inaingia, lakini inacheza. Ukilazimisha, nati inalika kona, na kazi ya nusu saa inakuwa ya siku nzima.

Kosa si lako wala si la nati. Nati hiyo inafuata vipimo vya Mwingereza aliyefariki zaidi ya miaka 130 iliyopita. Jina lake ni Joseph Whitworth.

Alitoroka kiwanda cha mjomba

Whitworth alizaliwa Desemba 21, 1803 mjini Stockport, Uingereza. Baba yake alikuwa mwalimu, baadaye akawa mchungaji. Akiwa kijana mdogo alipelekwa kwenye kiwanda cha pamba cha mjomba wake huko Derbyshire, familia ikitegemea kwamba siku moja atakuwa bosi pale.

Lakini yeye alivutiwa zaidi na mashine kuliko pamba. Akaondoka, akaenda Manchester kufanya kazi ya ufundi wa kawaida tu. Mwaka 1825 akaingia London, kwenye karakana ya Henry Maudslay, fundi aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote enzi zile.

Huko ndiko alikozama kwenye kitu kimoja: usahihi. Alitengeneza bamba za chuma zilizonyooka kabisa kwa kusawazisha tatu kwa pamoja. Kwa nini tatu? Kwa sababu bamba mbili zinaweza kulaliana vizuri huku moja ina tumbo na nyingine ina shimo. Ukiweka ya tatu, uongo unaonekana.

Kila karakana na bolti yake

Mwaka 1833 alirudi Manchester akafungua karakana yake. Wakati huo kila kiwanda kilikuwa kinachonga bolti zake kivyake. Mashine ikiharibika mbali na ilikotengenezwa, nati iliyopotea haikuwa na mbadala. Ilibidi ichongwe upya kwa ajili ya bolti ile ile moja.

Whitworth alikusanya bolti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, akatafuta wastani. Mwaka 1841 aliwasilisha pendekezo lake mbele ya wahandisi wenzake: nyuzi zote za bolti, yaani ile michirizi inayozunguka, ziwe na pembe ya digrii 55, na kila unene wa bolti uwe na idadi yake maalumu ya nyuzi kwa inchi moja. Bolti ya robo inchi, kwa mfano, ina nyuzi 20.

Kampuni za reli zilikuwa kati ya waliolikubali mapema. Halafu ikaja vita ya Crimea, 1853 hadi 1856. Jeshi la majini la Uingereza lilitaka boti nyingi za kivita kwa haraka. Kazi ya injini ikagawanywa kwa karakana mbalimbali, na vipande vilipokutanishwa vikaingiana. Bila vipimo vya pamoja isingewezekana.

Mwenyewe hakuishia hapo. Alitengeneza mashine ya kupimia iliyoweza kutambua tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi. Alitengeneza pia bunduki yenye shabaha kali sana, ingawa jeshi la nchi yake halikuichagua.

Sasa spana yako inahusikaje?

Whitworth alifariki Januari 22, 1887 huko Monte Carlo, akiwa na miaka 83. Ulikuwa umepita mwaka mmoja hivi tangu Karl Benz asajili gari lake la petroli. Lakini magari ya Uingereza yalipoanza kutengenezwa yalirithi mfumo wake, na mwaka 1908 ikaongezwa familia ya nyuzi nyembamba zaidi, BSF. Land Rover zilizoanza kutoka mwaka 1948 zilijaa bolti za aina hiyo.

Na hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa. Namba iliyochongwa kwenye spana ya Whitworth inataja unene wa bolti, si upana wa mdomo wa spana. Spana iliyoandikwa 1/4 W ina mdomo wa inchi 0.525, yaani kama milimita 13.3. Ndiyo maana 13 inagoma na 14 inacheza. Spana hiyo hiyo ndiyo ya bolti ya 5/16 BSF, na mara nyingi utakuta imeandikwa zote mbili.

Kwa hiyo kabla ya kuvuta, safisha nati, pima, tafuta spana inayokaa bila kucheza. Spana malaya iweke pembeni. Kwa nati za bomba la breki, tumia spana ya ringi yenye mwanya wa kupitisha bomba, maana inashika kona nyingi zaidi. Nati ya breki iliyolika haikazwi vizuri, na mafuta ya breki yakivuja utajua kwenye mteremko.

Alichoacha

Whitworth hakuwa na mtoto. Mwaka 1868 alianzisha ufadhili wa masomo kwa vijana wenye akili ya darasani na mikono ya karakana, na mpaka leo bado unatolewa. Sehemu kubwa ya mali yake ilitumika Manchester kwa elimu, sanaa na hospitali.

Alianza kama kijana wa karakana, akafa akiwa na cheo cha Sir. Na kila unaponunua nati dukani ikaingia kwenye bolti uliyoiacha nyumbani, unafaidi wazo alilolipigania mwaka 1841.