Naftali Temu: Mwana wa Nyamira aliyeipatia Kenya dhahabu ya kwanza

MNAMO Oktoba 13, 1968, mjini Mexico City, mwanajeshi mmoja kutoka Nyamira alimpita Mamo Wolde wa Ethiopia zikiwa zimesalia mita chache tu kufika utepeni. Naftali Temu alimaliza mbio za mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4, huku Wolde akiwa nyuma yake kwa sekunde 0.6 tu. Hadi siku hiyo, Kenya haikuwa na dhahabu hata moja ya Olimpiki.

Temu alizaliwa Aprili 20, 1945. Alikulia katika milima ya Gusii, ambako tayari mbio zilikuwa na mashujaa wake. Nyandika Maiyoro alikuwa amekimbia Vancouver mwaka 1954, kisha akashika nafasi ya sita katika mita 5,000 huko Rome mwaka 1960. Arere Anentia naye alileta shaba ya maili sita kutoka Cardiff mwaka 1958. Kwa hivyo, kijana wa Kisii au Nyamira wa enzi hizo hakuhitaji kuambiwa kwamba miguu inaweza kumfikisha ng'ambo.

Safari yake ya kwanza ya Olimpiki haikuwa na fahari. Alishiriki marathoni ya Tokyo mwaka 1964, akamaliza wa 49. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston, Jamaica, alimshinda kwa mwanya mkubwa Ron Clarke wa Australia, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 10,000, na kutwaa dhahabu ya maili sita.

Ushindi huo wa Kingston husahaulika mno, na hapo ndipo wengi hupotoka wanapoieleza Mexico. Husemwa kwamba Temu alibebwa na mwinuko wa mita 2,240, kwa kuwa mtoto wa milimani amezoea hewa nyepesi. Lakini Kingston iko pwani, kwenye joto kali, na huko pia Clarke alishindwa. Wolde naye alikuwa mwana wa nyanda za juu.

Ukweli ni kwamba hewa nyepesi humwadhibu zaidi anayefuja nguvu. Walimu wa gofu humkanya mwanafunzi asiyumbishe kichwa wakati kiwiliwili kinapozunguka kupiga mpira, na mbio ndefu zina kanuni ya jamaa hiyo. Mguu wa kulia unapotangulia, mkono wa kushoto nao hutangulia. Nyonga na mabega hupindana kinyume ili mwili usiyumbe, na kichwa hutulia juu ya shingo. Kila mpindo wa ziada hulipiwa kwa pumzi. (Emil Zátopek alitikisa kichwa ovyo na bado akashinda, lakini Zátopek hakuwa kipimo cha mtu mwingine yeyote.)

Mbio za Mexico zilianza polepole, kisha kasi ikapanda na kuwachuja wakimbiaji mmoja mmoja. Kipchoge Keino, akisumbuliwa na maumivu ya tumbo, alianguka kando ya njia mizunguko michache kabla ya mwisho. Clarke alimaliza wa sita na kuzimia, akalazimika kupewa oksijeni. Mohammed Gammoudi wa Tunisia alipata shaba. Temu alikuwa amebakiza akiba ya kutosha kumpita Wolde, na siku nne baadaye akajinyakulia shaba ya mita 5,000 nyuma ya Gammoudi na Keino. Hakuishia hapo: Oktoba 20 alikimbia pia marathoni na kuwa wa 19.

Kilele hakikudumu. Mjini Munich, mwaka 1972, aliondolewa katika mchujo wa mita 10,000, na mwaka uliofuata akastaafu. Rais Jomo Kenyatta alikuwa amemzawadi shamba. Zama zake hazikuwa na mamilioni ya kulipwa wakimbiaji. Medali ilileta heshima, na heshima haikununua dawa.

Jina la Keino lilizidi kukua, nalo la Temu likafifia, ijapokuwa dhahabu yake ndiyo iliyotangulia ile ya Keino ya mita 1,500. Aliugua saratani ya tezi dume, akafariki dunia Machi 10, 2003 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 57.