Askofu Cassian Spiss na Kengele za Kusini

Mseminari huambiwa tangu wiki yake ya kwanza kwamba kengele ni sauti ya Mungu. Ikilia, kalamu huwekwa chini, jembe huachwa shambani, na maongezi hukatika hata kama utamu wake ndio kwanza umeanza. Fundisho hilo lina mizizi mirefu. Katika sura ya 43 ya Kanuni yake, Mtakatifu Benedikto anaagiza mtawa aache kilichomo mkononi mara asikiapo ishara ya sala, aje haraka, lakini kwa heshima. Katika sura ya 47 anampa abate mwenyewe wajibu wa kutangaza saa za sala, mchana na usiku, au amkabidhi ndugu mwangalifu. Kwa hiyo kikundi cha wapiga kengele parokiani si mahali pa kuwaweka vijana waliokosa nafasi kwaya. Ni kazi ya abate.

Walioileta Kanuni hiyo Kusini mwa Tanzania ni Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, na miongoni mwao yuko mmoja ambaye jina lake limefungamana na njia ya Kilwa kwenda Liwale kuliko mwingine yeyote: Askofu Cassian Spiss. Hakuishi Kilwa. Alipita tu, na siku chache baada ya kupita alikuwa ameuawa.

Alizaliwa Juni 1866 katika kijiji cha St. Jakob, karibu na milima ya Arlberg, jimbo la Tirol nchini Austria. Ni nchi ya mabonde membamba, ambako kengele ya kanisa husikika mbali kwa sababu milima huirudisha sauti. Mjini Innsbruck kuna ukoo wa mafundi uitwao Grassmayr ambao umekuwa ukisubu kengele tangu 1599. Watu wa huko walikuwa na desturi ya kupiga kengele dhoruba inapokaribia, wakiomba mvua ya mawe isiharibu mazao. Mtoto aliyekulia huko alijua kengele inatangaza zaidi ya Misa: inatangaza kifo, moto, arusi na hatari.

Shirika alilojiunga nalo lilianzishwa mwaka 1884 na Padre Andreas Amrhein kwa nia ya kuunganisha maisha ya kitawa na umisionari. Misheni yake ya kwanza, Pugu, ilifunguliwa mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Bushiri, Pugu ikashambuliwa na kuteketezwa, na baadhi ya watawa wakauawa. Waliobaki walianza tena Dar es Salaam, kisha wakasogea Kusini: Lukuledi mwaka 1895, Nyangao mwaka 1896. Tarehe 31 Julai 1898 Spiss alifungua misheni ya Peramiho katika nchi ya Wangoni.

Huko Peramiho ndiko alikoonyesha kipaji chake halisi. Alikaa chini na kusikiliza. Matunda yake yalichapwa Berlin mwaka 1904: maelezo marefu ya Kingoni na Kisutu, sarufi pamoja na maneno, kazi ambayo wataalamu wa lugha za Kibantu wanaitaja mpaka leo. Kwa maoni yangu hilo halisemwi vya kutosha. Tunapenda kumkumbuka kwa jinsi alivyokufa, na kusahau saa nyingi alizokaa na wazee akiuliza jina la kila kitu.

Mwaka 1902 aliteuliwa kuwa Vika wa Kitume wa Zanzibari Kusini na kupewa daraja la uaskofu. Jina hilo lisimpoteze msomaji. Eneo lenyewe lilikuwa bara, kuanzia Dar es Salaam na kushuka hadi Ruvuma, kukiwamo Kilwa na Lindi. Kazi nyingine za askofu wa enzi hizo leo hazionekani sana, na mojawapo ni kubariki kengele. Kwa taratibu za zamani ilikuwa haki ya askofu, au aliyepewa ruhusa maalumu. Kengele ilioshwa kwa maji yaliyobarikiwa, ikapakwa mafuta ya wagonjwa mara saba kwa nje na krisma mara nne kwa ndani, ikafukizwa ubani na kupewa jina la mtakatifu. Watu wa kawaida waliita ubatizo wa kengele, ingawa Kanisa halikuhesabu hivyo.

Siku ya misheni nayo ilikatwa vipande na kengele. Alfajiri Malaika wa Bwana, kisha Misa; baadaye kengele ya shule, ya shamba na karakana, ya chakula; adhuhuri Malaika wa Bwana tena, na jioni mara ya tatu. Sauti ileile iliita watu kusali na kulima. Mtawa hakuona tofauti, kwa kuwa kwake sala na kazi vilikwenda pamoja. Je, jirani wa misheni naye alisikia hivyo?

Pwani ya Kilwa ilikuwa na wito wake wa sala karne nyingi kabla ya Wabenediktini. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulikuwapo mamia ya miaka kabla Wareno hawajaiteka Kilwa mwaka 1505, na adhana ndiyo iliyogawa siku ya watu. Haikuhitaji shaba, ilitosha koo la mwadhini. Kufikia wakati wa Spiss ilikuwa imeongezeka sauti nyingine, baragumu la askari katika boma la Kilwa Kivinje. Nalo halikuita mtu kusali. Kodi ya kibanda ilikuwa imewekwa tangu 1898, rupia tatu, na kuanzia 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha mashamba ya pamba ambayo watu walilazimishwa kuyalima kwa malipo kiduchu, yaliyofika mikononi mwao yakiwa madogo zaidi au yasifike kabisa. Mtu aliyetoka katika shamba la namna hiyo, akapita karibu na misheni na kusikia chuma kikilia ili watu washike majembe, angewezaje kutambua mara moja kwamba huyu Mzungu ni tofauti na yule?

Na mara nyingine wamisionari wenyewe waliongeza utata. Huko Peramiho, Padre Franziskus Leuthner alichoma kibanda ambamo Nkosi Mputa Gama na watu wake waliwaheshimu mahoka, yaani roho za wazee wao. Hatuwezi kuandika maisha ya Spiss, mwanzilishi wa misheni hiyo na askofu aliyeiangalia, tukaruka jambo hilo kwa kuwa linatuaibisha.

Vita vya Majimaji vilianza mwishoni mwa Julai 1905 Umatumbini, kwa kung'oa pamba. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale kule Mohoro, wakidhani wamezima moto. Katika siku hizohizo Askofu Spiss alishuka Kilwa kwa meli. Alikuwa na mabruda wawili, Andreas Scholzen na Gabriel Sonntag, na masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Nia yao ilikuwa kupanda bara kwa miguu, kupita Liwale, hadi Peramiho. Kilwa habari za vita zilikuwa zimekwisha kufika. Wakaondoka hata hivyo.

Ni safari ya siku nyingi kwa miguu, nchi ya miombo, maji machache mwezi wa Agosti. Msafara wa watawa haukuwa na mnara, lakini saa za sala zilikuwa palepale. Kanuni, katika sura ya 50, inamtaka aliye safarini azitimize kadiri awezavyo. Tarehe 14 Agosti 1905, mahali paitwapo Mikukuyumbu, si mbali na Liwale, wapiganaji wa Majimaji waliwashambulia. Wote watano waliuawa. Askofu alikuwa na umri wa miaka 39, na miaka mitatu tu ya uaskofu. Wapagazi wao hawatajwi katika orodha.

Vita vikaenea. Mwishoni mwa Agosti Nyangao ilishambuliwa na kuteketea, na Sista Walburga Diepolder akapotea katika kukimbia asirudi. Lukuledi nayo iliharibiwa. Mwezi uliofuata Peramiho ikachomwa, na Padre Leuthner akauawa. Kulipiza kwa Wajerumani kulikuwa kubaya kupita vita vyenyewe: vijiji na maghala yalichomwa, mazao yakaharibiwa, na njaa ikamaliza waliosalimika na risasi. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea, na Mputa Gama akiwamo. Makadirio ya waliokufa kwa ujumla hutofautiana mno, kuanzia 75,000 hadi 250,000 na zaidi. Idadi hiyo na wale watano wa Mikukuyumbu ni historia moja. Kuisimulia nusu ni kuwadhulumu wote, hata Spiss, ambaye maisha yake yalianza kuzaa pale alipowasikiliza watu kabla ya kuwaita.

Aliyemfuata katika uaskofu, Thomas Spreiter, alianza upya. Nyangao haikujengwa mara moja; wamisionari walisogea hadi Ndanda mwaka 1906, na hapo pakakua abasia. Lindi ikawa eneo la kitume la peke yake mwaka 1913. Mwaka 1963 likaja Jimbo la Nachingwea, ambalo tangu 1986 linaitwa Jimbo la Lindi.

Leo katika vigango vingi kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, hupigwa kwa kipande cha nondo, na mpigaji ni kijana anayejua kwa jua tu kwamba saa imefika. Kwenye parokia kubwa ni kamba na mnara, na zamu zimeandikwa ukutani. Kazi ni ileile, na ina adabu yake: kutopiga kwa hasira, kutochelewa, kunyamaza kabisa tangu Utukufu wa Alhamisi Kuu hadi Kesha la Pasaka, kupiga taratibu kwa ajili ya marehemu. Kwa majirani Waislamu, ambao Kilwa na Lindi ndio wengi, kengele ya taratibu ni taarifa pia: huuliza nani amefariki, nao hufika msibani.

Tarehe 14 Agosti jioni ni mkesha wa Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, na kengele hupigwa kwa ajili ya sikukuu ya kesho yake. Ni siku ileile aliyokufa Spiss. Wapiga kengele wa parokia za njia ya Liwale wangeweza kumwomba paroko nia moja ya Misa siku hiyo: kwa Askofu Cassian, Andreas, Gabriel, Felicitas na Cordula, kwa wapagazi, na kwa marehemu wa Majimaji wa pande zote.